Jalada Linapohama Masjala: Usimamizi wa Mabadiliko katika Ofisi za Umma Zinapoanza Kutumia Mifumo ya Kielektroniki ya Kazi za Pamoja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini mfumo wa kielektroniki wa kufanyia kazi kwa pamoja unaweza kupokelewa vizuri katika ofisi moja na kukwama katika nyingine, ilhali programu ni ileile. Mfano unaojadiliwa ni kuhama kutoka jalada la karatasi kwenda jalada la kielektroniki katika ofisi za umma nchini Tanzania. Kwa kutumia tafiti za Jonathan Grudin na Wanda Orlikowski, makala yanaonesha kuwa ugumu wa mabadiliko ya aina hii unatokana zaidi na namna mfumo mpya unavyogawa upya kazi, mamlaka na kinga ya mtumishi bila mgawanyo huo kujadiliwa. Hoja inayotetewa ni kwamba anayesimamia mabadiliko aanze kwa kubaini kazi zote zilizokuwa zikifanywa na chombo cha zamani, zikiwemo zile ambazo hazikuandikwa katika mwongozo wowote.

1.0 Utangulizi

Serikali ya Tanzania imejenga kwa hatua msingi wa kisheria na wa kitaasisi wa kuendesha shughuli zake kwa njia ya kielektroniki. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa mamlaka kamili. Katikati ya miaka hiyo ilitungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo ilizipa nyaraka na saini za kielektroniki uzito mbele ya sheria. Miongoni mwa mifumo iliyotokana na juhudi hizo ni ule wa Ofisi Mtandao, ambamo barua, majalada na madokezo husafiri kutoka kompyuta hadi kompyuta badala ya kubebwa mikononi mwa wahudumu.

Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ulifikiwa mwaka 1973, lakini utekelezaji wake ulipata kasi mpya Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali itahamia huko. Katika kipindi cha kuhama, wizara ilijikuta ina mguu mmoja Dar es Salaam na mwingine Dodoma. Jalada lililozoea kuvuka korido sasa lilitakiwa kuvuka takribani kilomita 450. Haja ya chombo cha kuwawezesha watu walio mbalimbali kushughulikia suala moja kwa pamoja haikuhitaji tena kuhubiriwa na wataalamu wa TEHAMA, kwa kuwa kila ofisi iliiona.

Pamoja na haja hiyo kuwa dhahiri, mifumo ya aina hii inapositasita, maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mepesi mno: watumishi wanaogopa mabadiliko, au hawana uelewa. Maelezo hayo yana faida kwa aliyeununua mfumo, maana yanamwondolea lawama. Hata hivyo, ni vigumu kuyaamini. Mtumishi anayedaiwa kuiogopa teknolojia ndiye yuleyule aliyejifunza kutuma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoingia nchini mwaka 2008, bila kuhudhuria semina hata moja wala kulipwa posho ya mafunzo. Ndiye anayeendesha kikoba kwa simu na kufuatilia matokeo ya mtihani ya mwanawe mtandaoni. Inabidi tuutafute ugumu mahali pengine.

2.0 Jalada la karatasi lilikuwa linafanya nini?

Mjadala wa teknolojia mpya huanza mara nyingi kwa dhana kwamba ofisi ya zamani haikuwa na teknolojia. Dhana hiyo si sahihi. Jalada ni teknolojia, tena ni ya ushirikiano. Kabati la kuhifadhi majalada kwa kusimama wima lilioneshwa katika Maonesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893, na lilibadilisha uendeshaji wa ofisi za nchi za viwanda kama kompyuta zilivyofanya baadaye. JoAnne Yates, katika kitabu chake cha mwaka 1989, ameonesha jinsi mashine ya kuchapa, nakala za barua na makabati hayo yalivyowezesha kampuni za Marekani kujiendesha kwa maandishi badala ya kumbukumbu ya kichwa cha mwenye mali. Kwa upande wetu, masjala ni urithi wa utawala wa Waingereza, lakini zaidi ya miaka sitini ya uhuru imeifanya kuwa yetu kwa lugha, kwa adabu na kwa hila zake.

Tuufuate mwendo wa barua moja. Mwalimu mstaafu ameandika kulalamikia mapunguzo ya kiinua mgongo chake. Barua inafika masjala, inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaandikwa katika rejista, inapewa namba ya folio na kufungwa katika jalada linalohusika. Jalada linapelekwa kwa mkuu wa idara, ambaye anaandika dokezo fupi la kumtaka ofisa fulani ashughulikie. Ofisa anasoma folio za nyuma, anaandika dokezo lake chini ya lile la mkuu, anapendekeza hatua, anasaini na kulirudisha. Mkuu anakubali, anakataa au anauliza. Watu wanne au watano wameshirikiana kutoa uamuzi mmoja bila kukaa meza moja, na mazungumzo yao yote yamebaki katika karatasi za jalada kwa mpangilio wa namba.

Ukiliuliza jalada hilo linafanya kazi gani, jibu rasmi litakuwa kwamba linatunza kumbukumbu. Likichunguzwa kwa makini linaonekana kuwa na kazi nyingine nyingi.

Kwanza, jalada linamkinga mtumishi wa chini. Dokezo linaloanza kwa maneno ya unyenyekevu, "Naomba kushauri kwamba...", linamruhusu ofisa mdogo kumpinga mkuu wake kwa heshima na kwa maandishi, mbele ya wale tu wanaohusika na suala hilo. Miaka mitatu baadaye, mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha malipo yenye kasoro, folio ya 27 itaonesha kuwa ofisa alitahadharisha na mkuu akaamua vinginevyo. Kila anayefahamu ofisi za umma anajua kuwa mtumishi mwenye busara hakubali agizo la mdomo katika jambo lenye fedha. Huomba liandikwe kwenye jalada. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo hurudia mara kwa mara hoja za malipo yasiyo na viambatisho vya kutosha, ni ukumbusho wa kwa nini kinga hiyo ina thamani.

Pili, jalada linaonekana. Rundo lililo juu ya meza linamwambia kila anayeingia kiasi cha kazi kilichopo, na nafasi ya jalada katika rundo hilo inaeleza uzito wake. Katibu mahsusi anayeliweka jalada juu ya mengine anafanya uamuzi wa kiutawala, ingawa hakuna muundo wa utumishi unaoutambua.

Tatu, na hapa tusione haya kusema, jalada linaweza kucheleweshwa. Kuchelewa huko wakati mwingine ni hekima, kwani mkuu huliacha jambo lipoe kabla ya kuliamua. Wakati mwingine ni dhuluma. Mstaafu wetu anasafiri kutoka wilayani, analala kwa ndugu, anaambiwa jalada halionekani, kisha linaonekana baada ya "kufuatiliwa". Neno hilo kufuatilia lina historia ndefu ya machungu katika ofisi zetu. Anayelishika jalada ana mamlaka juu ya anayelihitaji, hata kama mshahara wake ndio mdogo kuliko wote katika jengo.

Nne, masjala ina kumbukumbu hai. Mtunza kumbukumbu aliyekaa miaka kumi na tano anajua kuwa suala la kiwanja fulani lilianzia katika jalada la mafuriko, lisilohusiana nalo kwa jina. Anajua kipi kinakwenda masjala ya wazi na kipi masjala ya siri, na pia anajua kipi hakipaswi kutajwa mbele ya nani.

Programu inayokuja kuchukua nafasi ya jalada huwa imeundwa kufanya kazi moja rasmi, ya kutunza na kusafirisha nyaraka, pamoja na sehemu ndogo ya hizi nyingine. Zilizobaki zinaachwa bila mwenyewe. Watumishi wanapolalamika kwamba mfumo "haueleweki", mara nyingi wanatafuta mahali zilipokwenda kazi hizo.

3.0 Anayetoa jasho na anayekula matunda

Mwaka 1988 Jonathan Grudin alichapisha makala yaliyouliza kwa nini programu za kazi za pamoja hushindwa, ilhali programu za mtu mmoja, kama zile za kuchapa au kukokotoa, zilikuwa zikienea haraka. Mojawapo ya majibu yake linastahili kuning'inizwa ukutani katika kila idara ya TEHAMA: katika programu hizi, anayelazimika kufanya kazi ya ziada mara nyingi siye anayenufaika nayo. Alitoa mfano wa kalenda ya kielektroniki inayopanga vikao yenyewe. Anayefaidika ni anayeitisha kikao, ambaye kwa kawaida ni mkuu. Ili afaidike, wengine wote wanapaswa kujaza ratiba zao kila siku, hata kama wao binafsi hawana haja na kalenda hiyo. Wachache wakiacha kujaza, kalenda inakosa ukweli, na ikikosa ukweli wote wanaiacha.

Miaka minne baadaye Wanda Orlikowski alitoa utafiti wake kuhusu kampuni kubwa ya ushauri wa kibiashara, aliyoipa jina la Alpha, iliyoamua kuwapatia wafanyakazi wake programu ya Lotus Notes ili wabadilishane ujuzi. Uamuzi ulifanywa haraka na uongozi wa juu, mitambo ikasimikwa, mafunzo yakatolewa. Matumizi ya kushirikiana ujuzi hayakutokea kama yalivyotarajiwa. Sababu alizozibaini hazikuwa za kiufundi. Washauri wa kampuni hiyo walipimwa kwa saa wanazoweza kumtoza mteja, na muda wa kujifunza programu haukuwa na mteja wa kutozwa. Aidha, walikuwa katika ushindani mkali wa kupanda vyeo ambamo asiyepanda huondoka. Kwa mtu wa namna hiyo ujuzi ni mtaji, na programu ilikuwa inamwomba autoe bure kwa washindani wake. Mafunzo yalieleza vitufe vya kubonyeza, lakini hayakueleza kwa nini mtu abonyeze. Kwa kukosa picha nyingine, wengi waliielewa programu kupitia vitu walivyovijua tayari, hivyo wakaitumia kama chombo cha kutumia barua tu, au hawakuitumia kabisa.

Utafiti mwingine wa Orlikowski, uliotoka mwaka 1996, unahusu kampuni ya programu aliyoiita Zeta. Hapa wataalamu wa idara ya kuwasaidia wateja walitumia mfumo uliojengwa juu ya Lotus Notes ileile, na kazi yao ikabadilika kwa kina ndani ya miaka miwili. Kila tatizo la mteja liliandikwa tangu linapopokelewa hadi linapotatuliwa. Kumbukumbu hizo ziliwafaa wao wenyewe mara moja, kwa sababu mtaalamu aliyepokea tatizo geni aliweza kutafuta kama mwenzake alishawahi kulitatua. Wataalamu walianza kuandika kwa uangalifu zaidi baada ya kutambua kwamba maandishi yao yanasomwa na wengine. Baadaye walianza kupitia matatizo ya wenzao na kutoa msaada kabla ya kuombwa. Mengi ya mambo hayo hayakuwamo katika mpango wa mwanzo.

Tofauti ya Alpha na Zeta ni somo zima kwa msimamizi wa mabadiliko. Zeta jasho na matunda vilikutana katika mtu mmoja. Alpha vilitengana, na mfumo wa tuzo na vyeo ukazidi kuvitenganisha.

Tulirudishe swali hilo kwenye jalada la kielektroniki. Nani anatoa jasho? Mtunza kumbukumbu anayeskani kila barua na kuipa jina, aina na rejea. Nani anakula matunda? Mkuu wa taasisi, anayeweza sasa kuona kutoka Dodoma jalada limekwama meza gani na kwa siku ngapi. Kwa ofisa wa kati, faida ya haraka ni ndogo, lakini hatari ni bayana, kwani ucheleweshaji wake umeanza kuhesabiwa kwa saa na dakika. Akijivuta, hatufanyi haki kumwita mwoga wa teknolojia. Amepiga hesabu zake vizuri.

4.0 Nadharia ya barafu

Vitabu vya uongozi vinavyofundishwa vyuoni hurejelea kwa wingi mfano wa hatua tatu unaohusishwa na Kurt Lewin, mwaka 1947: kuyeyusha hali iliyopo, kuisogeza, kisha kuigandisha katika umbo jipya. John Kotter, mwaka 1996, alizipanua hatua kuwa nane, kuanzia kujenga hisia ya dharura hadi kuuotesha utaratibu mpya katika utamaduni wa taasisi. Mifano hii ina manufaa yake, hasa katika kumkumbusha kiongozi kwamba tangazo peke yake si mabadiliko. Udhaifu wake kwa suala letu ni kwamba inachukulia mabadiliko kuwa safari yenye kituo cha mwisho. Mfumo wa kielektroniki haugandi. Unasasishwa, unaongezewa vipengele, unaunganishwa na mifumo mingine, na watumiaji wake wanaugeuza kwa mazoea yao.

Kwa sababu hiyo mtazamo wa Orlikowski na Hofman, wa mwaka 1997, unafaa zaidi. Wanatofautisha mabadiliko yaliyotarajiwa, yale yanayoibuka yenyewe katika matumizi, na yale yanayoanzishwa kwa makusudi baada ya fursa kujitokeza njiani. Msimamizi anayeshikilia tu orodha ya yaliyotarajiwa ataliona kila linaloibuka kuwa ni ukaidi, hata pale ambapo ni ubunifu.

5.0 Mfumo usioletwa na yeyote

Wakati mifumo rasmi ikisubiri zabuni na mafunzo, ofisi nyingi zilijipatia chombo chao cha kazi za pamoja bila waraka wowote: kundi sogozi la WhatsApp. Hakuna aliyelazimishwa. Kila aliyejiunga alipata faida siku hiyohiyo, kama vile taarifa ya kikao, picha ya barua, au habari ya msiba wa mwenzao. Kipimo cha Grudin kinaeleza ushindi huo bila shida.

Gharama zake zimekuja polepole. Agizo la kazi linafika saa tatu usiku, na alama mbili za buluu zinamshuhudia aliyelisoma na kunyamaza. Ofisa anahamishwa kituo na kuondoka na miaka minne ya mawasiliano ya idara ndani ya simu yake binafsi. Picha ya barua yenye taarifa za afya za mtumishi inazunguka katika kundi la watu sitini, ilhali Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inataka kumbukumbu za umma zitunzwe na taasisi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zilindwe.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo linahusu heshima. Katika kundi sogozi watu wote wanaonekana kuwa sawa, lakini ofisi haina usawa huo. Mkuu akiandika jambo lenye makosa mbele ya watu sitini, hakuna wa kumsahihisha. Majibu yatakuwa "Nimepokea, mkuu" na "Asante kwa maelekezo", na yule anayejua kosa lilipo atamwandikia pembeni, au atanyamaza. Yale maneno "Naomba kushauri" yaliyokuwa na makazi yake katika jalada hayana pa kukaa hapa. Programu nyingi za kazi za pamoja zimebuniwa katika jamii ambamo kijana kumkosoa mkubwa hadharani huweza kuhesabiwa kuwa ni uchangamfu. Kwetu ni utovu wa adabu, na mfumo unaodai maoni ya wazi kutoka kwa wote utapata ukimya wa wengi na sifa kutoka kwa wachache. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba dawa ni kuwafundisha watumishi "utamaduni wa uwazi". Ni rahisi zaidi, na ni haki zaidi, kuuweka mfumo katika umbo linalomruhusu ofisa kushauri kwa faragha ya ngazi, na ushauri wake ukabaki katika kumbukumbu.

6.0 Kazi ya msimamizi wa mabadiliko

Yaliyoelezwa hapo juu yanabadilisha mpangilio wa kazi. Kwa kawaida mradi huanza na wasilisho la mjenzi wa mfumo katika ukumbi wa mikutano. Ingefaa uanze masjala, kwa wiki mbili za kukaa, kutazama na kuuliza: jalada hili limetoka wapi, kwa nini limepita kwa katibu mahsusi kabla ya kwenda kwa mkurugenzi, kwa nini ofisa huyu ameweka nakala yake mwenyewe kabatini. Nakala hiyo ya kabatini ni taarifa muhimu. Inaonesha kwamba mwenye nayo hana imani na masjala, na hatakuwa na imani na seva mpaka ahakikishiwe kwamba dokezo lake haliwezi kufutwa au kuhaririwa na aliye juu yake.

Mtunza kumbukumbu ndiye wa kuanza naye, ingawa ndiye husahauliwa. Anapoona mashine ya kuskani ikiingizwa, anasoma humo barua ya kupunguzwa kazi. Ukweli ni kwamba ujuzi wake wa kuainisha ndio unaoamua kama jalada la kielektroniki litapatikana tena baada ya mwaka mmoja. Kazi hiyo ikiachiwa yeyote aliye karibu na mashine, mfumo utajaa nyaraka zenye majina kama "barua", "barua mpya" na "barua mpya 2", na hakuna kitufe cha kutafutia kitakachoziokoa. Taasisi inapaswa kumwambia mapema, kwa maandishi, kazi yake mpya itakuwa ipi na cheo chake kitakuwa kipi.

Kundi la pili ni wakuu wenyewe. Kuna desturi inayojulikana ya mkurugenzi kumwachia katibu mahsusi nywila yake. Barua inachapishwa kwenye karatasi, mkurugenzi anaandika maelekezo pembeni kwa kalamu, kisha katibu anayachapa katika mfumo kwa jina la mkurugenzi. Kwa nje mfumo unatumika kwa asilimia mia moja. Kwa ndani ushahidi umeharibika, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema kwa hakika nani aliidhinisha nini, na siku ya hoja ya ukaguzi anayebaki katika hatari ni katibu. Chanzo cha desturi hii mara nyingi ni aibu ya kujifunza mbele ya walio chini. Mafunzo ya wakuu yafanyike faraghani, mmoja mmoja, na mkufunzi anayejua kumfundisha mtu mzima bila kumdhalilisha. Ni gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya mfumo.

Kuhusu nguvu ya waraka, watumishi wa umma wamezoea mifumo kuletwa kwa amri, na amri ina nafasi yake. Bila hiyo idara mbili zinaweza kuendelea kupelekeana karatasi kwa miaka. Grudin na Palen, katika utafiti wa mwaka 1995, waliona hata hivyo kwamba kalenda za pamoja zilizokuwa zimeshindwa muongo uliotangulia zilienea katika kampuni mbili kubwa kwa msukumo wa wenzao kazini zaidi ya agizo la juu, baada ya programu kuwa rahisi na watu wa kutosha kuwamo. Waraka unaweza kuwaingiza watu katika mfumo. Hauwezi kuwafanya waandike ndani yake yale wanayoyafikiri kweli. Pengine njia ya kati ni kuanza na idara moja yenye kazi inayoumiza, kwa mfano inayoshughulikia mafao au likizo, ambako ofisa atapumua kwa kuacha kutafuta majalada.

Kazi ya kulisha mfumo lazima pia iingie katika malengo ambayo mtumishi anapimwa nayo. Utumishi wa umma ulikuwa na OPRAS tangu mwaka 2004, na sasa una mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Jambo lisiloonekana katika kipimo hicho litafanywa baada ya yale yanayoonekana, yaani halitafanywa. Alpha ililipa somo hilo kwa fedha nyingi.

Lugha ya vitufe nayo isipuuzwe. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali mwaka 1967, na madokezo mengi huandikwa kwa Kiswahili. Mfumo unaomtaka ofisa asome maelekezo ya Kiingereza ili aandike dokezo la Kiswahili unamwongezea tafsiri juu ya kazi. Kisingizio cha upungufu wa istilahi hakina nguvu: mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kuhusu umeme na mtandao inatosha kusema kwamba kila ofisi iwe na utaratibu ulioandikwa wa siku mtandao unapokatika, wenye kueleza karatasi iliyotumika siku hiyo itaingizwaje katika mfumo kesho yake na nani.

Swali zito zaidi linahusu uwazi, na linaamuliwa katika usanifu kabla mtumishi yeyote hajagusa kompyuta. Mfumo unaweza kumwonesha mkuu kila jalada lililokaa kwa ofisa. Je, unamwonesha ofisa jalada lililokaa kwa mkuu? Je, mwalimu wetu mstaafu anaweza kujua kwa ujumbe wa simu kwamba barua yake iko ngazi gani, bila kupanda basi? Mwanga ukielekezwa chini tu, watumishi watauona mfumo kuwa ni kamera, nao watajifunza kuikwepa: watafungua jalada na kulifunga ili lionekane limeshughulikiwa, watalirusha kwa mwenzao dakika chache kabla ya siku ya mwisho. Mwanga ukienda pande zote, ofisa wa kati anapata kitu ambacho karatasi haikumpa, yaani uthibitisho kwamba ucheleweshaji si wake. Kinga ile ya folio ya 27 inakuwa imehamia katika mfumo mpya pamoja naye.

Linabaki suala la lini karatasi ifungwe. Kuendesha mifumo miwili sambamba kunatuliza nyoyo kwa miezi michache, kisha kunakuwa mzigo, kwa sababu kila barua inashughulikiwa mara mbili na hakuna anayejua nakala ipi ndiyo asili. Kuingiza majalada yote ya zamani nako kunaweza kumaliza bajeti kabla ya kazi kuanza. Utaratibu unaopendekezwa hapa ni kutangaza tarehe moja. Suala lolote linalozaliwa baada ya tarehe hiyo lifunguliwe jalada la kielektroniki pekee. Jalada la zamani lililo hai liskaniwe siku linapohitajika, si kabla, na jalada lake la karatasi lifungwe kwa dokezo la mwisho linalotaja namba ya jalada jipya. Dokezo hilo aliandike mtunza kumbukumbu, kwa mkono wake na saini yake, kwa kuwa ndiye pekee katika jengo anayejua kwa hakika kwamba majalada hayo mawili ni suala moja.